Siku Bahari Ilipoondoka na Suruali Yangu ya Kijivu

Kwa kuwa Mwankoko nzima, hapa kwetu Singida, inaijua habari hii, na kwa kuwa kila anayeisimulia anaongeza chake (wiki iliyopita nimesikia kutoka kwa mtu wa Kinampanda, ambaye hata simjui, kwamba nilitolewa baharini kwa wavu), nimeona heri niiandike mwenyewe, aibu yote, bila kupunguza, ili angalau nichekwe kwa yale niliyoyafanya kweli. Na niliyoyafanya kweli yanatosha kabisa.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nina miaka arobaini na mitatu, nafanya kazi kwenye mashine ya kukamua alizeti ya Mzee Mkhotya tangu nilipomaliza kidato cha nne, nyumba yangu iko hatua mia mbili kutoka mashineni, na kabla ya safari hii mahali pa mbali zaidi nilipowahi kulala ni Manyoni, usiku mmoja, msibani, na hata huo sikulala (mto haukuwa wangu). Msafiri wa nyumba yetu ni mke wangu, Mama Salome, anayepeleka vitunguu na kuku Dodoma kila mwezi. Yeye ananiaga mlangoni na kunielekeza mahali pa chumvi, mimi nabaki na mbuzi.

Sasa binti yetu Salome alipomaliza kidato cha sita akapata nafasi chuo cha mambo ya meli, Dar es Salaam. Meli! Mtoto aliyezaliwa Singida, ambaye chombo kikubwa cha majini alichowahi kukiona ni mtumbwi wa kuvulia perege ziwani! Pale mashineni kuna benchi, na kwenye benchi hilo hukaa watu wanaosubiri mashudu ya mifugo yao, na wakisubiri kazi yao ni kunicheka mimi. Basi siku hiyo wakahamia kwa Salome, wakamwita Nahodha, wakimwona wanampigia saluti. Yeye alicheka nao vizuri tu, lakini usiku mama yake akamkuta analia. Haendi, anasema. Dar ni mbali, hamjui mtu, atapotea, abaki tu asome chochote kinachosomwa hapa hapa.

Hayo amerithi kwangu, sibishi.

Jioni moja nikaamua kuwa baba. Tukiwa kwenye ugali nikampa hotuba ndefu kuhusu ujasiri, kuhusu dunia ilivyo pana, kuhusu kijana kutoogopa, hotuba ambayo mpaka leo naiona ilikuwa nzuri. Salome akanisikiliza hadi mwisho, akanawa mkono, akasema kwa upole kabisa:

"Baba, wewe mwenyewe hujawahi kuvuka Manyoni."

Mama yake alicheka mpaka akapaliwa na mlenda. Na hapo, kwa hasira za mtu aliyeambiwa kweli mbele ya mboga, nikasema maneno ambayo ndiyo mwanzo wa yote. Nikasema nitaenda. Dar es Salaam, siku tatu, peke yangu, bila kufikia kwa ndugu wala kwa shemeji, nizunguke nione kila kitu, na nikizimaliza siku zangu tatu, na yeye anaenda chuo.

"Na ukirudi kabla?" akauliza.

"Nikirudi kabla, ubaki."

Akanyoosha mkono, tukashikana. Halafu akaongeza, "Na nataka picha ya miguu yako ikiwa baharini. Si kando ya bahari baba. Ndani."

Mama Salome alinifunga mzigo: suruali ya kijivu ya kanisani, imepigwa pasi mpaka mstari wake unakata karatasi, suruali ya kazi ya kulalia, na lita tatu za mafuta ya alizeti, kwa sababu mtu haendi ugenini mikono mitupu. Nikamwambia mke wangu, mimi sina mwenyeji, nafikia gesti, mafuta nampelekea nani? Akasema, "Utajua mbele ya safari, lakini mikono mitupu huendi." Nikayabeba.

Siku ya kwanza nilishinda. Naomba liandikwe hilo, maana benchi hulirukaga. Niliteremka stendi, nikapata gesti Kariakoo, nikaulizia njia mpaka nikafika bandarini kwa miguu yangu, nikaziona meli zimepakiwa makontena kama mtu aliyepanga matofali ya nyumba asiyojua atajenga lini. Niliamkia kila niliyepishana naye aliyenizidi umri, kama tulivyolelewa, na nakwambieni kufika saa sita mchana sauti ilikuwa imekauka, maana watu wa mji ule hawaishi. Wengine walisimama kunitazama wakidhani wananijua. Mama mmoja aliyepaka rangi ya mdomo, ambaye pengine tulilingana, alinijibu, "Marahaba, na usirudie." Jioni nikampigia Salome, nikamwambia nimekula pweza (nilikuwa nimemwona tu, lakini kwa karibu), nikamwambia mji unakwenda wenyewe, ukisimama unakusukuma. Akauliza maswali mengi. Nikasikia kwenye sauti yake kitu kinafunguka kidogo, kama mlango unaosukumwa na paka.

Siku ya pili nikavuka kwenda Kigamboni, kwa sababu mhudumu wa gesti alisema ufukwe mzuri wa kutia miguu uko ng'ambo. Nikapanda pantoni, lile livuko linalobeba magari na watu pamoja, nikasimama katikati kabisa nimeshika nguzo ambayo haikuhitaji kushikwa. Ng'ambo nikatembea mpaka ufukweni, saa nne asubuhi hivi, na nilipoiona bahari nikasema mbona imekaa mbali?

Maana kutoka kwenye minazi hadi kwenye maji palikuwa na uwanja mpana wa mchanga mbichi, wa kuchezea mechi mbili kwa pamoja, na mawe meusi yenye matundu yamechomoza huku na kule, na kina mama wachache wanapita na vijiti vya chuma wakichokoa mashimo ya pweza. Nikaona ni ufukwe mkubwa tu, wa kimjini. Nikauvuka wote na viatu vyangu mpaka karibu na maji.

Hapa ndipo naomba mnielewe. Mimi nimekua kando ya Ziwa Singidani. Ziwa letu lina adabu. Ukiliacha asubuhi mahali fulani, jioni unalikuta pale pale. Likisogea, linasogea kwa masika au kwa kiangazi, na linakupa miezi ya kujiandaa. Na kila mtoto wa Mwankoko anajua ukienda kuoga unaweka nguo juu ya jiwe kubwa lililo karibu na maji, kwa sababu ukiziacha mbali mbuzi watazitafuna au wenzako watazificha, na kwamba maji ya chumvi yakiigusa nguo yakikauka yanaacha michoro myeupe ambayo hata sabuni inaiheshimu. Kwa hiyo nilipokunja suruali ya kijivu mpaka magotini na wimbi la kwanza likanirukia, nikauona mstari wa pasi wa Mama Salome unakufa, nikafanya uamuzi mdogo tu, wa kimakini. Nikaivua. Ndani nilikuwa na kaptula, tena ya heshima, aliyonishonea mke wangu kwa mabaki ya pazia la sebuleni, maua makubwa ya njano na majani yake. Nikatafuta jiwe zuri lililo karibu na maji. Nikaikunja suruali vizuri, nikaiweka juu, viatu juu ya suruali ili upepo usiipeperushe.

Nikaingia, nikapiga picha ya miguu, nikamtumia Salome, na chini yake nikaandika: "Sasa naingia ndani kidogo." Halafu, kwa usalama, ili simu isije ikanidondokea majini, nikarudi nikaitia ndani ya kiatu.

Kwa usalama, nasema.

Mama mmoja wa pweza, mtu mzima wa makamo ya mama yangu mdogo, amejifunga kanga kiunoni, akanipitia akielekea nchi kavu. Nikamwamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba." Akatazama kaptula, akatazama jiwe, akatazama bahari. "Baba, maji yanajaa hayo."

Na mimi (ndugu zangu, ningekuwa na uwezo wa kuyala maneno haya ningeyala bila chumvi), mimi nikatazama juu, mbingu nyeupe safi, nikamjibu kama mtaalamu, "Yatajaaje mama, na mvua haijanyesha?"

Akakaza kanga yake kiunoni. Akasema, "Haya," akaenda zake. Mpaka leo sijawahi kuambiwa "haya" yenye mambo mengi kama ile.

Kinachoniuma ni kwamba nilisoma. Kupwa na kujaa kwa maji nilikusoma kidato cha tatu, mvutano wa mwezi na kila kitu, nikalijibu swali hilo kwenye mtihani nikapata zote. Lakini nililijibu kwa Kiingereza, kwa kukariri, na nadhani lilibaki huko huko kwenye Kiingereza, halikuwahi kuteremka mpaka Kigamboni.

Nikaendelea mbele. Palikuwa na kisehemu cha mchanga kilichoinuka, nikakisimamia, nikaanza kuokota simbi, yale makombe madogo ya konokono wa baharini, kwa ajili ya Salome, nyeupe, za rangi ya udongo, moja yenye madoa kama kanga, nimeinama, mgongo nimeipa nchi kavu, nafsi yangu imetulia, najisemea kumbe safari ni kitu rahisi hivi, kumbe miaka yote hii benchi lilinidanganya, na sijui muda gani ulipita mpaka niliposikia makelele, nikageuka.

Jiwe halikuwepo.

Ule uwanja wa mechi mbili haukuwepo. Kulikuwa na bahari mbele yangu na bahari nyuma yangu, na nchi kavu imerudi kule kwenye minazi ilikoanzia. Na katikati, nikaiona suruali yangu ya kijivu inaelea, imetanua miguu, inakwenda zake taratibu kuelekea kule meli zinakokwenda, kama mtu aliyechoka na nyumba. Kiatu kimoja kiliifuata. Cha pili, chenye simu, kiatu mwaminifu, kilikuwa kimeshazama.

Na yale makelele? Ufukweni basi la shule lilikuwa limeteremsha watoto wa msingi, wamekuja kuiona bahari, kaptula za bluu na sketi za bluu, hamsini au sitini, wamepangwa mstari, na wote wananitazama mimi. Mwalimu wao, mwanamke mwenye kofia pana, alikuwa ameninyooshea fimbo.

Nikaanza kurudi. Maji yakafika kiunoni, yakafika kifuani. Simbi nimezibeba juu kichwani kwa mikono miwili, maana nilikuwa nimepoteza kila kitu lakini simbi nilizikatalia. Wimbi likija nasimama, likipita nasogea. Nilisikia sauti ya mwalimu ikija juu ya maji, safi kabisa:

"Mnamwona yule? Tulisema nini darasani kuhusu maji kujaa?"

"Tusiende mbaliii!" wakaitika wote.

"Na yule amefanyaje?"

"Ameenda mbaliii!"

Nikatoka majini mbele yao. Shati limenigandia, na maua ya pazia yalipolowa yakazidi kuchanua. Kitoto kimoja cha mbele kikasema, "Shikamoo," na wote sitini wakafuata, "Shikamoooo!" Nikaitikia. Ningefanyaje?

Aliyeniokoa ni yule mama wa pweza. Jina lake Bi Tatu, na pale chini ya minazi ana kibanda cha kukaanga pweza na mihogo. Hakusema "nilikwambia." Alinirushia kanga, akanigeuzia mgongo nikajifunga, akanikalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaniuliza:

"Mtu wa wapi wewe?"

"Singida, mama."

"Ahaa," akasema, kana kwamba nimemtajia ugonjwa na sasa anaujua.

Vijana waliokuwa wanakula mihogo wakaangua kicheko, mmoja akasema, "Mzee, huko kwenu bahari mnaifungia bandani na kuku?" Nikacheka nao, maana nilistahili. Lakini nikakiacha kicheko katikati, kwa sababu hapo ndipo nilipokumbuka ujumbe wangu wa mwisho kwa Salome. "Sasa naingia ndani kidogo." Halafu kimya, na sasa ilikuwa karibu saa saba. Nilimjua mwanangu. Atakuwa amepiga mara thelathini. Na nikajua, nikiwa nimekaa kwenye ndoo, kwamba suruali ni kitu kidogo: mtoto yule akishaamini kwamba bahari imemla baba yake, hata nikirudi mzima, chuo ndiyo basi tena. Ule mlango ulioanza kufunguka jana utajengewa tofali.

"Mama, naomba simu nipige nyumbani."

"Hii hapa. Ila ya sikioni ilikufa, inaongea spika tu."

Na namba? Namba zote zilikuwa kwenye simu, na simu iko kwenye kiatu, na kiatu kiko wapi. Ya mke wangu sikuijua kichwani. Ya Salome sikuijua. Namba moja tu duniani nilikuwa naijua, kwa sababu niliiandika mwenyewe kwa rangi nyekundu ukutani, kila tarakimu ndefu kama mkono: namba ya mashine ya alizeti. Yaani benchi. Kati ya watu wote wa duniani, aibu yangu niipeleke mwenyewe kwa benchi!

Nikapiga. Vijana wa mihogo wakasogea.

"Haloo, mashine," sauti ya Mzee Mkhotya, na nyuma yake watu wengi wanaongea kwa pamoja.

"Shikamoo mzee, ni mimi Ntandu."

"Ntandu yupi?"

"Ntandu wa mashineni kwako."

"Huyo amezama."

"Sijazama mzee."

"Mkewe yuko hapa analia tangu saa tano, mtu mzima mwenye akili zake, na wewe unaniambia hajazama?"

Nikasikia simu inanyang'anywa. "Baba Salome! Ni wewe? Mbona namba ya watu? Simu yako iko wapi?"

"Imeondoka na kiatu."

"Kiatu kimeondoka na nani?"

Nikakaza fundo la kanga. "Na suruali."

Kilio kikakatika kama bomba lililofungwa. "Suruali ipi? Ile ya kijivu?"

"Ile ile."

"Niliyoipiga pasi saa nzima? Sasa hapo ulipo umevaa nini wewe?"

Bi Tatu akaacha kugeuza mihogo. Vijana wakaacha kutafuna. "Kaptula," nikasema chini chini. "Ile ya pazia."

Mzee Mkhotya naye alikuwa ameiweka spika, kumbe, kwa sababu kicheko kilichotoka ndani ya simu ile hakikuwa cha mtu mmoja, kilikuwa cha benchi zima na wenye punda waliokuwa wanapita, na kicheko cha Kigamboni kikakijibu, wakawa wanachekeana, Singida na bahari, na mimi katikati nimeshika simu kama mshereheshaji. Nilisikia mtu anasema kwa Kinyaturu jambo ambalo sitalitafsiri.

Kisha ikaja sauti ndogo, na vicheko vya kule vikapungua.

"Baba."

"Salome mwanangu."

"Rudi tu baba. Panda basi leo, urudi. Basi, yaishe. Mimi siendi, na wala sitakucheka."

Hapo ndipo palikuwa penyewe. Nawaambia kweli, kurudi nilikutaka. Nilikitaka kitanda changu, mbuzi wangu, na ziwa langu lenye adabu. Ningesema "haya" na hakuna ambaye angenilaumu. Lakini nilitazama miguu yangu, ambayo ilikuwa imekaa baharini kama alivyotaka, na hizo simbi nilizozipitisha kwenye maji ya kifuani, nikasikia kitu kinanipanda.

"Nirudi vipi?" nikasema. "Leo ni siku ya pili. Tulipatana tatu."

"Baba, huogopi?"

"Naogopa sana. Niliogopa jana, nimeogopa leo asubuhi, kwenye maji nimeogopa kwa sauti. Lakini nimeshavuliwa suruali mbele ya watoto sitini na mwalimu wao, Salome, na bado nipo, nimekalia ndoo, naongea na wewe. Sasa Dar ina kipi kingine cha kunifanya? Kesho naenda kukiona chuo chako."

Bi Tatu akanipokonya simu.

"Wewe binti, unasikia?"

"Shikamoo bibi," ikasema simu.

"Marahaba. Baba yako maji hayajui hata kidogo, nimemwonya akaniuliza habari za mvua." (Kicheko, huku na huku.) "Lakini aliniamkia kabla sijamjua na kabla hajanihitaji. Mtu hivyo hapotei mji huu. Na wewe ukija utafute kibanda cha Bi Tatu, huku nyuma ya minazi. Usikie."

"Nimesikia bibi."

Saa tisa nikavuka kurudi mjini, nauli kanipa Bi Tatu, nimevaa shati lililokauka lina michoro myeupe ya chumvi, kanga ya zambarau yenye maneno ya kumsema mke mwenza (yamekaa sawasawa nyuma ya makalio, kwa hiyo kila aliyekuwa nyuma yangu aliyasoma), na miguu mitupu. Na kwenye pantoni, mnadhani nani walikuwa wameshapanda? Lile basi la shule. Sitini.

"Yule! Wa suruali!"

Jana ningejificha nyuma ya gari. Lakini mtu akishateremka mpaka chini kabisa anakuta sakafu, na sakafu ni mahali pazuri pa kusimama. Nikainua mkono, nikawapungia kama kiongozi aliyetoka kwenye ziara. Wakapiga makofi madirishani, pantoni zima likageuka, na kijana mmoja wa kufunga kamba za pantoni, aliyekuwa hajui hili wala lile, akanisogezea njia akasema, "Pita mheshimiwa." Nikapita. Safari hii sikushika nguzo.

Siku ya tatu niliianza kwa suruali ya mtumba ya Kariakoo, niliyoinunua kwa pesa nilizoziacha gesti (ile ya kazi ina madoa ya mafuta, si ya kuendea chuo), fupi kidogo, inayoonyesha vifundo vya miguu kwa yeyote mwenye shida navyo. Nikafika kwenye geti la chuo. Mlinzi akaniuliza namtafuta nani, nikamwambia simtafuti mtu, natafuta mahali mwanangu atakapopita. Akacheka, akanionyesha kwa kidole bweni la wasichana, akanionyesha mahali mama mmoja anapouzia chapati. Nikaona wasichana wanatoka na sare nyeupe, nikamuuliza mmoja kwao wapi. Kibondo, akasema. Mwingine Kondoa. Nikamuuliza wa Kondoa, ulikuwa unaijua bahari? Akasema, "Baba, mimi hata mvua kubwa nilikuwa naiogopa." Nikayaandika yote kwenye karatasi, na njia nzima kutoka stendi hadi getini, kona kwa kona.

Halafu nikavuka tena kurudisha kanga, na mkononi nimebeba zile lita tatu. Mama Salome alisema nitajua mbele ya safari. Bi Tatu alifungua, akanusa, akamimina kwenye karai bila neno, akatia mihogo, na nakwambieni ile harufu ya nyumbani ilivyopanda chini ya minazi ya watu nilitaka kumwambia kila mtu mafuta haya nimeyakamua mimi, nikamwambia kila mtu. Wale vijana wa jana walikula wakaongeza, wakaongeza tena. "Mzee wa Singida," yule wa kuku akasema mdomo umejaa, "bahari hatukudai. Tutakudai haya mafuta." Nikakaa kwenye ndoo yangu. Maji yalikuwa yamekwenda mbali, mawe yote nje, jiwe langu nalo lipo, limekaa pale kama halijafanya kitu. Nilimuuliza Bi Tatu kwanza ndipo nikaenda kuligusa. Nikiwa nimevaa suruali.

Niliporudi Mwankoko benchi lilikuwa limejiandaa. Walitundika suruali kuukuu juu ya mti mrefu mbele ya mashine, imefungiwa jiwe kwenye kila mguu ili isiende, na nilipotokea wote wakasimama wakaniamkia, hata Mzee Mkhotya, mwenye miaka sabini. Nikawaitikia mmoja mmoja kwa jina.

Salome alikuwa nyumbani. Nikamwekea simbi mezani, na ile karatasi ya njia. Aliisoma yote, akaikunja ndogo, akaingia chumbani, na nilipopita mlangoni nikaona sanduku liko juu ya kitanda, liko wazi, limejaa nusu.

"Baba," akaniita. "Hivi kwa Bi Tatu maji huwa yanajaa saa ngapi?"

Leo ana miezi minne huko. Mimi nimeshaweka nadhiri yangu: sitavua tena nguo kando ya maji yoyote yenye miguu, na mtu mzima akiniambia maji yanajaa, nitakimbia kwanza, mvua nitauliza baadaye. Mwezi uliopita akanitumia kwa mtu wa basi bahasha, ndani kuna ratiba ya maji kujaa na kupwa, kila siku na saa zake, wamefundishwa kuisoma. Saa za maji kupwa kazizungushia kalamu nyekundu zote, na juu kabisa, kwa mwandiko wake mzuri, kaandika: "Saa salama za baba kuvua suruali."

Mzee Mkhotya ameigongomea misumari ukutani mashineni, chini ya ile namba. Kila asubuhi benchi linaisoma kabla ya salamu. "Ntandu," wananiita nikiwa katikati ya kazi, "yanajaa saa hizi, kaza mkanda."

Nakaza.